Yai Lavuka Mpaka, Samadi Yabaki Uganda

Kila lori la mayai linaloingia Kongo kupitia Kasindi na kupanda hadi Beni na Butembo huwa limeacha Uganda mzigo mzito kuliko ule liliobeba. Mzigo huo haupiti forodhani wala hauandikwi kwenye karatasi yoyote. Ni samadi ya kuku waliotaga mayai hayo. Ndani yake imo naitrojeni, kirutubisho kinacholipa jani ukijani wake na kumpa ng'ombe protini ya kutengenezea maziwa. Wafanyabiashara wa Butembo ni hodari wa hesabu, sifa yao imeenea hadi Dubai na Guangzhou, lakini hesabu hii sijasikia mtu akiipiga. Basi tuipige.

Kuku wa mayai wa kisasa hula gramu 110 hivi za chakula kwa siku. Katika naitrojeni yote iliyomo kwenye chakula hicho, theluthi moja tu hivi huishia kwenye yai. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka na kinyesi. Trei moja ya mayai 30 ina gramu 30 na kitu za naitrojeni, na kinyesi kilichoandamana na mayai hayo kilikuwa na gramu 70 hivi siku kilipodondoka bandani. Sanduku la trei 12, yaani mayai 360, limeacha nyuma zaidi ya gramu 800. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa hiyo masanduku yasiyofika 30 yanaposhushwa Butembo, huko yalikotoka umebaki mfuko mzima wa yurea, tena wa bure, ukiwa umechanganyika na maranda.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Swali ni kama huyo jirani aliyebaki nayo anaitumia vizuri kuliko sisi, hasa kwenye malisho, maana ardhi kubwa ya mifugo pande zote mbili za Ruwenzori ni nyasi tupu.

Jibu fupi ni kwamba hata yeye malisho yake hayapati kitu. Sababu zake, hata hivyo, si zetu.

Nchini Uganda ufugaji mkubwa wa kuku umejazana kuzunguka Kampala, katika wilaya za Wakiso na Mukono, karibu na walaji na karibu na viwanda vya chakula cha kuku. Ng'ombe wako kwingine. Wamo katika ule ukanda wa mifugo unaoanzia Isingiro na Mbarara, ukakatisha nchi kupitia Nakasongola hadi Karamoja. Kati ya banda la kuku la Wakiso na malisho ya Kiruhura kuna mamia ya kilomita, na njiani kuna migomba na mibuni inayoitaka samadi hiyohiyo na inayolipa haraka zaidi. Hakuna mwenye lori atakayeipita migomba ya Masaka akamwage kinyesi cha kuku kwenye nyasi za Ankole. Nami nisingemshauri.

Upande wetu, banda la kuku na malisho vinaonana kwa macho. Mususa ni moja ya komuni nne za jiji la Butembo, pamoja na Bulengera, Kimemi na Vulamba. Jiji lote limetambaa juu ya vilima, kwenye kimo cha mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, hatua chache kaskazini mwa ikweta. Kuku hufugwa nyuma ya nyumba, ndani ya parsela, mia hapa, mia tatu pale. Ukitoka mjini kwa barabara ya kusini kuelekea Lubero, ng'ombe wapo juu ya vilima. Umbali si tatizo. Tatizo ni kwamba mwenye kuku hana malisho, na mwenye malisho hana kuku. Mashamba mengi ya ng'ombe katika Lubero ni konsesheni kubwa zilizo mikononi mwa watu wachache, huku mkulima mdogo akihangaika na kipande cha mteremko kisichomtosha hata maharagwe ya nyumbani. Huyo mkulima mdogo ndiye anayekuja na baiskeli au chukudu kumwambia mfugaji wa Mususa, "Mama, niachie mifuko mitano," na mifuko hiyo inakwenda kwenye kabichi na viazi. Ni uamuzi wa busara. Kabichi hulipa ndani ya miezi mitatu.

Lakini kabla ya mfuko kufungwa, nusu ya mali imekwisha kuruka. Chungulia kinyesi cha kuku kikiwa bado kibichi: juu yake kuna kofia nyeupe. Ule weupe ni asidi ya yuriki, ndio mkojo wa kuku, maana kuku hana mkojo wa maji kama ng'ombe, na humo ndimo imo sehemu kubwa ya naitrojeni yote ya kinyesi. Bakteria huishambulia asidi hiyo, kwanza ikawa yurea, kisha amonia, na amonia ni hewa. Ukitaka kujua kama banda linapoteza mali, usisimame mlangoni. Chuchumaa hadi kichwa chako kiwe kwenye kimo cha kuku. Macho yakiwasha, unachovuta puani ni mbolea ya mtu. Kamata konzi ya maranda uifinye: ikibaki donge lenye unyevu mkononi, amonia inatengenezwa kwa kasi, ikisambaratika polepole, hapo pazuri. Chombo cha maji kinachovuja kinaweza kumtia mfugaji hasara kubwa kuliko mwizi wa mayai.

Hapa Butembo inayo bahati ambayo Kasese, ng'ambo ya mpaka, haina. Amonia hukimbia zaidi penye joto na penye udongo wenye chokaa. Mji wa Kasese uko chini ya mita 1,000, jua lake linajulikana. Butembo ni baridi, na udongo wake mwekundu wa vilimani una tindikali, ambayo huikamata amonia na kuishikilia isiruke. Tena kuku wa mayai hulishwa chokaa kwa ajili ya ganda la yai, na sehemu ya chokaa hiyo hutoka na kinyesi. Udongo wenye tindikali kali unaposhindwa kuotesha kitu, chokaa hiyo ni dawa ya pili ndani ya mfuko uleule. Kwa hiyo samadi ileile, kilo kwa kilo, ikimwagwa juu ya ardhi pande zote mbili bila kufukiwa, ina nafasi nzuri zaidi ya kubakiza naitrojeni yake Mususa kuliko kwenye tambarare za Kasese.

Kinachotuangusha ni mteremko. Butembo ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na mvua ya kilimani haiulizi umepanda nini. Samadi iliyotandazwa juu ya nyasi zilizoliwa hadi shinani, kwenye kilima kilichosimama, hushuka na maji ya alasiri hiyohiyo hadi bondeni, na bondeni ndiko watu wanakoteka maji. Naitrojeni ikigeuka nitrati ikaingia kwenye chemchemi, haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita ya maji ya kunywa, kwa sababu ya watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa ya unga kwa maji hayo: damu yao hushindwa kubeba oksijeni, wakageuka rangi ya samawati.

Wenzetu wa nchi zenye kuku wengi kupita kiasi walijifunza hayo kwa gharama. Mwaka 1991 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya nitrati, na kikomo chake kikawa kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka katika maeneo yanayohitaji ulinzi. Uholanzi na Ireland, nchi za nyasi na mvua, ziliomba ruhusa ya kuzidisha hadi 250, zikapewa, kisha zikaanza kubanwa tena kwa sababu maji hayakusafika. Nchini Marekani jimbo la Oklahoma liliyashtaki makampuni ya kuku mwaka 2005, likidai kwamba samadi iliyomwagwa kwenye malisho ya mpakani mwake na Arkansas ilikuwa inauchafua Mto Illinois. Hukumu ilitoka Januari 2023. Mshtakiwa mkuu pale alikuwa fosforasi zaidi ya naitrojeni. Mkulima akimwaga samadi ya kuku ya kutosha nyasi kwa naitrojeni, fosforasi huzidi, na mwaka baada ya mwaka hurundikana. Sasa geuza jambo hilo upande wa Butembo. Udongo wetu mwekundu huifungia fosforasi mimea ikaikosa, kwa hiyo kile kinachopelekwa mahakamani Oklahoma, Lubero kingepokewa kwa mikono miwili.

Ndiyo maana sipendi mtu anaponakili kanuni ya Ulaya akaileta hapa nzima nzima. Wao wanapambana na kuzidi, sisi na kupungukiwa. Mwaka 1997 mtaalamu wa udongo Pedro Sanchez na wenzake walikadiria kwamba ardhi inayolimwa katika nchi 37 za Afrika ilikuwa imepoteza, kwa wastani, kilo 660 za naitrojeni kwa hekta ndani ya miaka 30, sawa na kilo 22 kila mwaka. Mwaka 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kufikisha kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta ifikapo 2015. Mwaka ukapita. Walikutana tena Nairobi Mei 2024, mazungumzo yakawa yaleyale.

Kuna jambo moja kuhusu nyasi zetu ambalo hunichekesha na kunisikitisha. Zile nyasi za Kikuyu zinazotambaa kando ya barabara na kwenye malisho ya nyanda za juu ni za asili yetu, kuanzia milima ya mashariki ya Kongo hadi Kenya na Ethiopia. Waaustralia walizipata kutoka Kongo ya Wabelgiji mwaka 1919. Leo ni nguzo ya ng'ombe wa maziwa katika pwani ya New South Wales, ambako hulishwa naitrojeni msimu baada ya msimu, kwa kuwa ni nyasi yenye uchu: ukiipa inalipa, ukiinyima inasinyaa na kuacha magugu yatawale. Hapa kwao ilikozaliwa inaachiwa ipate kile ng'ombe alichodondosha, na hata hicho wakati mwingine huzolewa kupelekwa kwenye viazi.

Hata hivyo, baada ya kuipiga hesabu, sishauri samadi ya kuku imwagwe kwenye malisho ya wazi. Ng'ombe anayechungwa hurudisha ardhini sehemu kubwa sana ya naitrojeni anayokula, robo tatu au zaidi, kwa mavi na mkojo. Malisho ya kuchungia yanapungukiwa, ndiyo, hasa ng'ombe wanapolala zizini na kuacha mali huko, lakini hayanyang'anywi kama shamba la majani ya kukata. Tani moja ya majani ya tembo, yakishakauka, huondoka shambani na kilo 15 hivi za naitrojeni. Yakikatwa mara tano au sita kwa mwaka bila kurudishiwa kitu, mwaka wa tatu unabaki na mashina membamba na malalamiko.

Na hapa Uganda wametutangulia. Mwaka 1988 wakulima wa Uingereza walianza kupeleka ng'ombe wa maziwa Uganda, katika mpango uliojulikana kama Send a Cow. Nchi ilikuwa inajinyanyua kutoka vitani. Ng'ombe hao hawakupelekwa kuchungwa. Walifungwa bandani, wakaletewa majani ya tembo, na mavi yao yakarudi kwenye majani na migomba. Mafunzo yalikwenda na ng'ombe. Mfugaji wa aina hiyo anapokuwa na kuku pia, samadi ya kuku haisafiri zaidi ya mita 50. Ukiuliza ni wapi naitrojeni ya kuku inafika kwenye chakula cha ng'ombe kwa uhakika, jibu ni hapo, kwenye kipande kidogo kilicho jirani na nyumba. Kilima cha mbali hakimo.

Uzito ndio unaoamua. Samadi ya kuku iliyochanganyika na maranda ina naitrojeni asilimia mbili hadi tatu. Kuipa hekta moja kilo 100 za naitrojeni unahitaji tani nne, yaani mifuko 80 ya kilo 50. Kwa yurea ni mifuko minne na kidogo. Mifuko 80 kupanda kilima cha Lubero, kwa njia ambayo pikipiki yenyewe inateleza, ni nauli inayokula faida yote. Kuipeleka kwenye matuta ya majani ya tembo yaliyopandwa kukinga mmomonyoko, nyuma ya parsela, ni kazi ya mkokoteni wa Jumamosi asubuhi.

Tuchukulie mfugaji wa Mususa mwenye kuku 500 wa mayai. Kuku mmoja hutoa kati ya nusu kilo na robo tatu ya naitrojeni kwa mwaka, hivyo banda zima ni kilo 300 hivi. Tukisema nusu imeruka, zimebaki 150, sawa na mifuko sita na nusu ya yurea. Hata kwa kikomo cha Ulaya hiyo yote ingeenea kwenye hekta moja tu, kasoro kidogo. Lakini hekta moja ya majani ya tembo iliyoshiba, pembeni mwa jiji, inalisha ng'ombe wa maziwa kadhaa bila mtu kwenda kuchunga mahali ambapo usalama wake hauna mdhamini. Kivu Kaskazini imo chini ya hali ya kuzingirwa, ile wanayoiita état de siège, tangu Mei 2021. Waasi wa ADF wamewafukuza watu mashambani Beni, na tangu mwaka 2024 waasi wa M23 wamesogea hadi kusini mwa Lubero. Ng'ombe aliye bandani naye anaweza kuibwa, sikatai, lakini mchungaji hakai peke yake kilimani.

Tahadhari zipo, nazo si za kuandikwa kwa herufi ndogo. Majani yaliyoshindiliwa samadi nyingi kwa mpigo hurundika nitrati, hasa kukiwa na ukame mfupi kisha mvua. Ng'ombe akiyala akiwa na njaa, nitrati hugeuka nitriti tumboni, damu yake ikawa kahawia iliyokolea, akafa kabla veterineri hajafunga kamba za viatu. Gawa samadi mara tatu nne kwa mwaka, mwanzoni mwa mvua na baada ya kukata, uyaache majani yakue wiki sita ndipo ukate tena. Mzoga wa kuku usiingie kwenye samadi hata mmoja: Uingereza na Ireland ng'ombe wamekufa kwa botulismu, sumu inayolegeza misuli hadi pumzi ikatike, baada ya malisho kumwagiwa samadi yenye mabaki ya kuku waliokufa. Irundike kwanza, uifunike kwa majani ya mgomba au turubai, ipate joto na kutulia kwa wiki kadhaa. Na usimlishe ng'ombe kinyesi chenyewe, hata kama umesikia kwamba wapo wanaofanya hivyo.

Kuna watakaouliza: kwa nini tusinunue samadi Uganda, tuivushe kama mayai? Hapana. Januari 2017 Uganda ilitangaza homa ya mafua ya ndege kandokando ya Ziwa Victoria, na mwaka huohuo ugonjwa ukaonekana Ituri, pwani ya Ziwa Albert. Kinyesi kibichi ni gari la ugonjwa huo. Kisha rudi kwenye mifuko 80.

Kinachofaa kuvuka ni chakula cha kuku. Mahindi, soya na dagaa vikivuka Kasindi, naitrojeni yote inaingia Kongo: theluthi inaliwa kama yai, theluthi mbili inabaki kwenye banda la Mususa. Yai likivuka tayari, tumenunua theluthi na kulipa bei ya nzima. Wafugaji wa Butembo hulalamika, na wana haki, kwamba gharama ya chakula, ushuru wa barabarani na umeme wa kubahatisha vinawafanya washindwe bei na yai la Uganda. Juni 2021 Marais Museveni na Tshisekedi walizindua pale Mpondwe, mpakani, ujenzi wa barabara: kilomita 80 hadi Beni, kisha 54 hadi Butembo. Julai 2022 Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Barabara nzuri hupitisha chochote, na kwa hali ilivyo itapitisha mayai kwanza. Wanaopanga ushuru wanapopima yai dhidi ya pumba na soya, wakumbuke kwamba moja linakuja na mbolea yake na jingine halina.

Ombi langu ni kwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa hapa Butembo mwaka 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, chenye kitivo cha kilimo na cha tiba ya mifugo. Pandeni majani ya tembo kwenye vipande vinne: kimoja bila kitu, kimoja na yurea, viwili na samadi ya kuku, kimoja mbichi na kingine iliyorundikwa. Waombeni wenzenu wa Makerere, wenye kituo chao Kabanyolo, wafanye vivyo hivyo kwa kipimo kilekile. Pimeni majani, pimeni naitrojeni ndani yake, pimeni na maji ya chemchemi iliyo chini ya kilima. Misimu miwili ya mvua inatosha kuanza, na wafugaji wa Mususa watatoa samadi bila malipo.